Mgonjwa wa Akili katika Historia ya Kiislamu: Hukumu, Tiba na Wakfu

 

Imepokewa katika Sunan ya Imamu Abu Dawud kwamba, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliletwa mwanamke mwenye wazimu aliyekuwa amezini. Umar alishauriana na watu, kisha akaamuru apigwe mawe. Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) akapita njiani, akawaona watu wanampeleka mwanamke yule, akauliza ana nini. Alipoelezwa, akawaamuru wamrudishe. Akamwendea Umar na kumkumbusha jambo ambalo wote wawili walilijua kutoka kwa Mtume (S.A.W.): kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa mwenye wazimu mpaka arejewe na akili yake. Umar akakubali, akamwachia mwanamke yule, na akaleta takbir.

Tazama ukubwa wa kisa hiki. Hukumu ilikwishatoka, na aliyeitoa ni Khalifa. Aliyehukumiwa ni mwanamke asiyeweza hata kujitetea kwa maneno yaliyonyooka. Pamoja na hayo hukumu ilirudishwa, na Khalifa akafurahi kwamba imerudishwa. Kwa hiyo mgonjwa wa akili aliingia katika historia yetu akiwa mtu mwenye haki, na haki hiyo ikatetewa mbele ya mamlaka ya juu kabisa.

Makala haya yanafuatilia haki hiyo ilikopitia: jinsi fukahaa walivyoiweka katika hukumu, jinsi matabibu walivyoifanya elimu, jinsi wakfu ulivyoigharimia, na jinsi ilivyokatika katika nchi nyingi za Waislamu mpaka leo tunawaona wagonjwa wamefungwa minyororo, na wanaowafunga wakidhani wanafanya jambo la dini.

Mgonjwa wa akili katika mizani ya Sharia

Maulamaa wa Usul wamehesabu kuhifadhi akili miongoni mwa mambo matano makubwa ambayo Sharia imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Wengi wetu tukilitaja jambo hili huishia kwenye uharamu wa ulevi. Fukahaa walikwenda mbali zaidi. Waliupambanua wazimu wa kudumu na wazimu wa kuja na kuondoka. Wakamtofautisha majnuni na maatuhi, ambaye akili yake imepungua bila ya kutoweka, na wote hao wakawatenga na safihi, ambaye akili anayo ila hajui kutunza mali.

Kila mmoja ana hukumu zake. Mwenye wazimu wa kuja na kuondoka, anapozindukana, swala inamlazimu, na mauzo yake na nikahi yake ni sahihi. Anaporudiwa na maradhi, kalamu inanyanyuliwa tena, na talaka atakayoitamka katika hali hiyo haipiti. Akiua hapana kisasi juu yake, ingawa alichokiharibu katika mali ya watu hulipwa kutoka katika mali yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, msimamizi wake humtolea zaka, na Mahanafi wanaona zaka ya mali yake haimlazimu. Khitilafu hiyo peke yake inatuonyesha kwamba mtu huyu hakutolewa nje ya umma. Alihesabiwa kuwa na mali, nasaba na nyumba, na alikuwa na mtu wa kumsimamia, na juu ya msimamizi huyo alikuwapo Kadhi wa kumuuliza.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatukataza kuwakabidhi mali wale wasioweza kuitunza, na papo hapo anatuamrisha tuwalishe kutokana na mali hiyo, tuwavishe, na tuseme nao maneno mema. Hili la tatu husahauliwa sana. Wapo jamaa wanaomlisha mgonjwa wao na kumvisha, lakini humsemesha kwa matusi na kumcheka mbele ya wageni. Kusema naye vizuri kumekuja katika aya ile ile iliyoamrisha chakula na nguo.

Mtume (S.A.W.) alilionyesha hilo kwa vitendo. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake, aliyemwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume (S.A.W.) alimwambia achague njia yoyote aitakayo, akaenda naye kando ya njia, akamsikiliza mpaka alipomaliza haja yake. Na alipokuja Maiz kukiri zina, Mtume (S.A.W.) aliuliza kwanza juu ya akili yake. Katika hadithi hizi mbili kuna mambo mawili ambayo mgonjwa wa akili huyakosa zaidi kuliko dawa: mtu wa kumsikiliza bila ya haraka, na hakimu anayeuliza hali yake kabla ya kumhukumu.

Maulamaa na maradhi ya nafsi

Baada ya fukahaa kuijenga hukumu, matabibu waliifuata kwa elimu. Miongoni mwao ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), mwanachuoni wa Balkh katika nchi inayoitwa leo Afghanistan. Kitabu chake, Masalih Al-Abdan wal-Anfus, kina sehemu mbili: moja ya afya ya mwili na ya pili ya afya ya nafsi. Katika sehemu ya pili anazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi unaomrudia mtu moyoni bila ya kukoma. Anaeleza kwamba mtu anaweza kukaa muda mrefu bila ya kuumwa mwili, lakini nafsi hupatwa na dhiki mara kwa mara. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, hali ya kuwa viwili hivyo vimeunganishwa na kimoja kikiugua cha pili huathirika.

Al-Balkhi aliigawa huzuni mafungu mawili. Ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo huzuni inayomshika mtu asijue imetoka wapi, ikamwondolea raha na hamu ya mambo. Hii ya pili aliinasibisha na mwili, na akasema inahitaji tiba ya mwili pamoja na maneno ya kumtuliza mgonjwa. Leo Waswahili wa mahospitalini wanaiita sonona. Aidha alimshauri mtu mzima ajiwekee akiba ya fikra njema za kumsaidia wakati wa dhiki, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kuingia. Profesa Malik Badri wa Sudan (1932–2021), mwanasaikolojia wa Kiislamu, aliifasiri sehemu hiyo ya nafsi kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 2013, na kwa njia hiyo wengi wakatambua kwamba mambo yanayofundishwa leo katika vyuo vikuu yaliandikwa na mwanachuoni wetu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Ama suala la majini, nalo halikuachwa. Jumhuri ya Ahlus Sunna wanathibitisha kuwako kwa majini na kwamba wanaweza kumdhuru mtu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini angalia jinsi wanavyuoni walivyolishika jambo hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), anataja katika Al-Qanun kauli ya wanaosema kwamba wazimu wa huzuni hutokana na jini, kisha anaeleza kwamba tabibu hana haja ya kubishana: ikiwa jini ndiye sababu au siye, mwili umekwishabadilika, na mabadiliko hayo ndiyo anayoyatibu. Ibn Al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), anasema katika Zad Al-Ma'ad kwamba kifafa ni cha namna mbili: kinachotokana na roho ovu na kinachotokana na uharibifu wa mwili, na hiki cha pili ndicho wanachokizungumza matabibu. Hawa ni watu wawili waliotofautiana katika mengi, mmoja mwanafalsafa na mwingine imamu wa hadithi. Katika hili wamekutana: kuamini majini hakumfungii mgonjwa mlango wa tabibu.

Maristani, na nani aliyelipa

Hukumu na elimu hazimlishi mgonjwa wala hazimnunulii dawa. Kilicholeta tiba kwa maskini ni wakfu. Ahmad bin Tulun alijenga maristani, yaani nyumba ya tiba, nchini Misri mwaka 259 Hijria (872–873), akaiwekea wakfu wa mali na hamamu mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Mgonjwa alipoingia aliweka nguo na fedha zake amana, akavishwa na kutibiwa bure mpaka apone, na alama ya kupona ilikuwa ni kuweza kula kuku na mkate. Ndani yake palikuwa na mahali pa wenye wazimu. Al-Maqrizi anasimulia kwamba Ibn Tulun alikuwa akiwatembelea wagonjwa kila Ijumaa. Siku moja mwenye wazimu mmoja alimwita, akamwomba komamanga. Alipopewa, akalirusha kifuani kwa mtawala huyo na kumchafua nguo zake. Ibn Tulun akaamuru walinzi wamtazame vizuri mtu yule, na yeye mwenyewe hakurudi tena. Lakini maristani haikufungwa kwa hasira ya mtawala, kwa sababu wakfu ukishawekwa haumo tena mikononi mwa aliyeuweka.

Nuruddin Mahmud Zengi alijenga maristani ya Damascus mwaka 549 Hijria (1154). Hapo ndipo alipotibiwa amiri mmoja aliyeitwa Qalawun, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Alipokuwa Sultani wa Misri alitimiza nadhiri hiyo, na maristani yake ya Cairo ikakamilika mwaka 683 Hijria (1284). Sharti la wakfu wake lilifungua mlango kwa mfalme na mtumwa, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, na pato la mali zake lilikaribia dirhamu milioni 1 kwa mwaka. Wenye maradhi ya akili walikuwa na sehemu yao humo pamoja na wagonjwa wengine. Hawakujengewa nyumba ya mbali nje ya mji ili wasahauliwe.

Huko Aleppo, maristani ya Arghun Al-Kamili ya mwaka 755 Hijria (1354) ilijengwa kwa nyua zenye chemchemi, na vyumba vya wagonjwa wa akili vikauzunguka uwanja wenye maji. Na katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga nyumba ya tiba mwaka 893 Hijria (1488). Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika huko katikati ya karne ya 17, anaeleza kwamba waimbaji na wapiga ala 10 waliwekwa kuwatuliza wagonjwa mara tatu kwa wiki. Hukumu ya ala za muziki ina mjadala wake maarufu kwa fukahaa, na si mahali pake hapa. Tunachokitaja ni kwamba katika bajeti ya wakfu ule, utulivu wa moyo wa mwenye wazimu ulihesabiwa kuwa ni gharama halali, kama mkate na dawa.

Jambo hili lilionekana na jirani pia. Mwaka 1409, katika mji wa Valencia, Hispania, uliokuwa wa Waislamu mpaka 1238, padri Joan Gilabert Jofré aliwaona vijana wakimpiga mwenye wazimu njiani. Alihubiri juu ya jambo hilo, na watu wa mji wakajenga hospitali ya wagonjwa wa akili. Padri huyo alikuwa wa shirika lililowakomboa mateka kutoka nchi za Waislamu, na baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba mfano wa maristani ulimfikia kwa njia hiyo.

Historia isipambwe

Haifai kwa Mwislamu kuisimulia historia yake kama mshairi anayemsifu mfalme. Minyororo ilikuwamo katika maristani hizo. Ibn Jubayr, aliyepita Cairo na Damascus katika miaka ya 1183 na 1184, anataja vyumba vyenye madirisha ya chuma huko Cairo na wagonjwa waliofungwa huko Damascus, pamoja na kueleza kwamba walikuwa na watu wa kuwaangalia na tiba yao maalumu. Mgonjwa mwenye ghadhabu aliogopwa, na dawa za kumtuliza zilikuwa chache. Tofauti iliyopo ni kwamba mnyororo wa maristani ulikuwa na tabibu pembeni yake, na ulitarajiwa kufunguliwa. Tabibu akiondoka, unabaki mnyororo peke yake.

Tabibu aliondokaje? Shahidi mmoja wa jambo hili ni Hasan Al-Wazzan, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Leo Africanus. Katika ujana wake alifanya kazi ya ukarani kwa miaka miwili katika maristani ya Fez, Morocco, iliyoasisiwa na Sultani Abu Yaqub Yusuf wa Banu Marin mwaka 685 Hijria (1286). Anaeleza kwamba hospitali za Fez zilikuwa na mali nyingi za wakfu, mpaka ilipokuja vita na sultani mmoja akahitaji fedha. Akashauriwa aziuze mali hizo na kuzirejesha baadaye. Akafariki kabla ya kuzirejesha, na hospitali zikabaki fukara. Kisha Al-Wazzan anaeleza hali aliyoiona: wenye wazimu wamefungwa minyororo, na mlinzi ana fimbo ya kuwapiga.

Zingatia mpangilio wa mambo. Fez haikukosa wanavyuoni. Chuo cha Qarawiyyin kilikuwapo, vitabu vya fikihi vilisomwa, na hadithi ya kalamu iliyonyanyuliwa ilihifadhiwa. Kilichouzwa ni wakfu, na ulipouzwa tabibu akaondoka na fimbo ikashika nafasi yake. Huko Misri nako, mwanzoni mwa karne ya 19, Muhammad Ali Pasha alizitia ardhi nyingi za wakfu mikononi mwa serikali, na maristani ya Qalawun ikazidi kudhoofika. Mwaka 1856 wagonjwa wa akili walihamishwa kupelekwa Bulaq, na katika miaka ya 1880 wakapelekwa Abbasia.

Minyororo ya leo

Waislamu wa nchi mbalimbali wamerithi hali hiyo. Nchini Morocco, karibu na mji wa Marrakech, kuna kaburi la Bouya Omar. Kwa miaka mingi jamaa waliwapeleka huko wagonjwa wao wa akili, wakawalipa watu wa pale, na wagonjwa wakakaa wamefungwa bila ya dawa wala daktari, wengine kwa miaka. Mwezi wa Juni 2015 serikali iliwaondoa mamia ya wagonjwa na kuwapeleka hospitalini. Ni nchi ile ile iliyokuwa na maristani ya Fez. Huko Afghanistan, nchi ya Al-Balkhi, kwenye kaburi la Mia Ali karibu na Jalalabad, wagonjwa wamekuwa wakifungwa siku 40 kwa mkate, maji na pilipili manga. Mwanachuoni aliyeandika kwamba huzuni isiyo na sababu inahitaji tabibu alizaliwa katika nchi hiyo hiyo.

Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, ilipiga marufuku kuwafunga wagonjwa tangu 1977. Hata hivyo ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2016 ilitaja makisio ya watu 57,000 waliowahi kufungwa au kufungiwa angalau mara moja maishani mwao. Sheria ilikuwapo kwa karibu miaka 40, lakini tiba haikufika vijijini. Mzazi mwenye mtoto anayetoka usiku kwa ghadhabu, ambaye kituo chenye dawa kiko mwendo wa siku nzima, hufunga mlango kwa nje, na kisha jirani humwambia kwamba ni jini.

Tatizo hili si la Waislamu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani mtu 1 kati ya 8, walikuwa na maradhi ya akili, na kwamba serikali kwa kawaida hutumia takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa maradhi hayo. Basi dunia nzima inamdhulumu mgonjwa huyu. Ila sisi tuna hoja juu yetu ambayo wengine hawana, kwani haki yake tunaisoma katika vitabu vyetu.

Pwani yetu na bara

Huku kwetu Afrika Mashariki, wakfu nyingi za pwani ziliwekwa kwa misikiti, visima, madrasa, makaburi na jamaa wa mwenye kuweka. Mgonjwa wa akili alibaki mikononi mwa ndugu na mwalimu: alisomewa, akaandikiwa kombe, akachanjwa au akapungwa, kila mahali kwa ada yake. Hospitali zilikuja na wakoloni, na zilianza kama mahali pa kuwazuilia watu. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 mpaka 1950, baadaye aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Tabibu anayewadharau wagonjwa wake hawezi kuaminiwa na jamaa zao. Si ajabu basi kwamba watu walizikimbia hospitali hizo na kwamba majina yake yaligeuka matusi. Mpaka leo Mirembe, Mathari, na Kidongo Chekundu ya Unguja hutajwa barazani kwa mzaha, na anayetoka huko baada ya kupona hujificha kana kwamba ametoka jela.

Mambo yameanza kubadilika. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Kenya iliirekebisha ya kwake mwaka 2022, baada ya jopo la serikali kupendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Baadhi ya Waislamu walishtuka, wakadhani kwamba kujiua kumehalalishwa. Sivyo. Uharamu wa kuiua nafsi uko pale pale. Lakini mtu aliyeokolewa kutoka katika maji au kamba, na akili yake imeelemewa na maradhi, anahitaji kuulizwa kwanza lile aliloliuliza Mtume (S.A.W.) juu ya Maiz.

Wajibu wa maimamu na walii

Majmaa ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, katika azimio lake namba 67 lililotolewa Jeddah mwaka 1992, ilibainisha kwamba tiba huwa ni wajibu pale ambapo kuiacha kutapelekea mtu kupoteza maisha, kiungo au uwezo wake, au madhara yake yatawafikia wengine. Ikabainisha pia kwamba asiye na uwezo wa kuamua huamuliwa na walii wake, lakini walii akikataa tiba kwa namna iliyo wazi kuwa inamdhuru mgonjwa, kauli yake haizingatiwi, na haki hiyo huhamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mamlaka. Azimio hili linastahiki kusomwa mimbarini. Baba anayemfunga mwanawe miaka mitatu katika banda la nyuma na kukataa asipelekwe hospitali hawezi kujificha nyuma ya uwalii. Uwalii ni amana ya maslahi ya mgonjwa. Ukigeuka kuwa madhara, unaondoka.

Imamu ndiye mlango wa kwanza wa wagonjwa wengi. Kabla ya daktari, huja kwake mama na kijana wake asiyelala, au mume anayesema kwamba mkewe tangu ajifungue amekuwa si yule. Asiwafukuze, wala asiwazuie kusoma ruqya, kwani ruqya ya Qur'ani na dua zilizothibiti ni sunna. Ila asome na awaelekeze hospitalini siku hiyo hiyo. Na asithubutu kumwambia mgonjwa aache vidonge ili kisomo kifanye kazi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na alimwomba Mola wake kinga na wazimu kama alivyomwomba kinga na ukoma. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, akipokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba inaupumzisha moyo wa mgonjwa na kupunguza huzuni. Katika mafundisho haya dua, chakula na dawa vimekaa pamoja bila ya kugombana.

Kadhi na wasimamizi wa ndoa nao wana sehemu yao. Kabla ya kuipitisha talaka ya mtu anayejulikana kwa maradhi, hali yake wakati wa kuitamka ichunguzwe, na daktari aulizwe. Mali za wagonjwa zikaguliwe, maana wapo ndugu wanaomtangaza mtu kuwa kichaa siku ya kugawa urithi na kumwona mzima siku ya kudai deni.

Na juu ya yote hayo kuna wakfu. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana chini ya sheria ya mwaka 2007, na Waislamu wa bara na Kenya wana misikiti na jumuiya zenye nyumba za kupangisha, maduka na mashamba. Mwenye kutaka sadaka inayoendelea huambiwa ajenge msikiti au achimbe kisima, na hayo ni mema. Lakini duka moja ambalo kodi yake inanunua dawa za wagonjwa wa mtaa mmoja na kulipa nauli ya kwenda kliniki kila mwezi ni wakfu ule ule wa Qalawun kwa kipimo chetu. Wala si kila huduma inahitaji jengo kubwa. Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 huwafundisha akina bibi wa mtaani kuwasikiliza wenye huzuni kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu zaidi ya wenzao. Sisi tuna mabaraza mbele ya misikiti yetu, na tuna wazee. Tuna pia sunna ya Mtume aliyesimama kando ya njia akimsikiliza mwanamke ambaye watu wengine waliona hana la maana la kusema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuirejesha haki kwa mwenyewe kama ilivyorejeshwa siku ile mbele ya Sayyidna Umar. Wallahu a'lam.